Mikasi Iko kwa Jirani

Kila mara binti yake alipokuja na mtoto, fundi cherehani alikusanya mikasi yote, mkubwa wa kukatia, mdogo wa nyuzi, hata kiwembe cha kufumulia, akavipeleka kwa jirani.

"Fundi bila mkasi!" jirani alimcheka. "Sasa si sawa na mpishi anayeogopa moto?"

"We weka, usiulize."

Angemwambia nini? Kwamba siku ya kwanza alipompakata mjukuu, mkasi ukiwa mezani, wazo liliingia bila hodi: mchome. Yeye, ambaye hata kuku huchinjiwa na wenzake! Alilifukuza, likarudi. Alisali, likamsubiri aseme amina.

Tangu hapo hakumgusa tena mtoto. Alisingizia mafua, akasingizia mikono yenye mafuta ya mashine. Visingizio vilikuwa vinamwishia, na binti akiujua ukweli, mjukuu ndiyo basi, hatamwona tena.

Leo binti aliingia, akamlaza mtoto kwenye kochi katikati ya majora ya vitambaa, kisha akarudi upesi mlangoni. Alikuwa amekonda. Mtoto alinuka maziwa yaliyochacha kwenye mikunjo ya shingo, kama hajaogeshwa siku kadhaa.

"Mshike, mama."

"Mgongo, mwanangu."

"Juzi mafua, leo mgongo. Kesho utasema jino? Mshike!"

"Kwani mama yake nani? Si umshike mwenyewe."

Binti akaanza kulia. "Kama humpendi sema, nijue pa kumpeleka."

Fundi akakata shauri. Bora ampoteze mjukuu akiwa mzima.

"Nampenda kuliko roho yangu, ndiyo maana. Nikimshika, kichwa kinaniambia nichukue mkasi..." Akarudi nyuma hadi kwenye cherehani. "Mchukue, mwanangu. Nenda naye, usimrudishe hapa."

Akafumba macho, asishuhudie mtoto akinyakuliwa. Akangoja. Hakusikia hatua, wala mlango. Mtoto alikuwa akikoroma tu, hana habari.

Alipofumbua macho, binti alikuwa ameketi sakafuni palepale mlangoni, viganja vyote viwili amevikalia.

"Kwako ni mkasi, mama?" alinong'ona. "Kwangu mimi ni maji."