Mizani ya Kupimia Gesi

Hatimaye mizani ya haki ilishuka kutoka juu! Ilishuka kutoka rafu ya juu ya duka la vipuri, tena haina betri.

Fundi wa viyoyozi, macho mazito kwa uchovu, akaipachika betri. Dada yake, mwenye karakana anakofanyia kazi, akaweka juu yake mtungi wa gesi ambao fundi alisema ameumalizia kwenye kiyoyozi cha zahanati.

"Kilo kumi na tatu," dada akasoma. "Kama mpya."

"Mbovu hiyo. Jaribu nyingine."

Ya pili nayo ikasema kumi na tatu. Tone la jasho likamdondoka fundi puani, likatua kwenye tarakimu.

"Mdogo wangu, zote mbili zinakusingizia?"

"Hapana, dada. Nilipitiwa na usingizi juu ya paa. Mtungi sikuufungua kabisa."