Jina la Kinyonga

Mwanahawa alimtoa kinyonga wake kikapuni, akamlaza juu ya meza ya daktari wa mifugo. Tangu Ijumaa hakuwa amekula hata nzi. Ukijani wote ulikuwa umemtoka, amebaki wa kijivu, na vidole havikushika tena kitu.

Daktari alizoea ng'ombe na mbuzi. Alimgusa kwa ncha ya kalamu.

"Mifupa imelegea, mama. Anataka sindano kumi, na dawa yenyewe mpaka niiagize." Akataja bei.

Mwanahawa hakushtuka, alikuwa amechoka mno. Pesa ya vitumbua vya siku mbili ilikuwa kwenye pindo la kanga, na fundo hakulifungua.

"Sindano moja je?"

"Moja haimsaidii kitu." Daktari akashusha pumzi. "Wenzako huwapiga mawe, wewe umemleta kutibiwa. Pole, mama."

Kinyonga akafumbua jicho moja, akalizungusha taratibu mpaka likamwelekea daktari, naye akarudi nyuma hatua nzima.

"Umemwita," alisema Mwanahawa. "Ndilo jina lake. Nilimpa kwa ule mwendo wake."

Njiani kila aliyesikia habari alimpa pole, na kila mara jicho lilifumbuka kikapuni, kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Mlangoni alimkuta jirani yake Shuweikha, ambaye siku zote alimkimbia mnyama yule. Leo alisimama.

"Pole, mwenzangu," alisema.

Mwanahawa akainamia kikapu, akasubiri.