Tundu la Ukutani

Fundi alipanda ngazi katika chumba cha upasuaji, akachomoa kitambaa kwenye tundu la ukutani.

“Nani kaziba hapa? Mvuke wa dawa ya usingizi hutolewa nje kwa tundu hili. Mmekuwa mkiuvuta nyinyi, na kwa wajawazito ni hatari.”

Mwanaidi, mfagiaji, alikitambua kile kitambaa. Ni yeye aliyeliziba mwaka juzi, vumbi lisiingie, na wakubwa wakamsifu. Tangu hapo shoga yake, nesi Tunu wa chumba hicho, mimba mbili zimemtoka, na kila alipompelekea uji alimwambia ni mipango ya Mungu.

Mlango ukafunguka. Tunu akaingia akicheka, akamgeuzia Mwanaidi mgongo.

“Shoga, nifungie gauni. Mwanao huku tumboni kashaanza kuzikataa kamba.”

Mwanaidi akazishika zile kamba, moja kila mkono, asizifunge wala asiziachie.