Punda wa Gondar

Desta alipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba ikimkaba kifuani, na wanawake wa kijiji cha Isansa wakacheka kama kila siku.

"Maji anayabeba kama mtoto mgonjwa!" alisema Ketrina, mama mkwe wake. "Kichwa chake ni cha kufungia kitambaa tu, hata kulala analala nacho. Mwanangu amekaa vitani Uhabeshi miaka yote ile, badala ya kuniletea cherehani akaniletea huyu."

Desta aliutua mtungi. Kiswahili alikwisha kukijua, cha kutosha kutukanwa.

Uani, mumewe Jairo alikuwa ameegemea kiti, mguu mbovu juu ya kigoda, kopo la pombe ya komoni mkononi, nishani ya Mfalme kwenye koti. Wageni walikuwa wameifuata hadithi ileile ya Uhabeshi.

"Tupe ya Gondar, koplo," alisema Hezron, mjomba wake.

Jairo hakubembelezwa. "Siku mji unaanguka, moshi kila mahali. Waitaliano wanakimbia, raia wanakimbia, nani anamkimbia nani hajulikani. Bomu likanivunja mguu. Wenzangu wakanipita! Basi nikakamata punda jike uchochoroni, nikampanda."

"Na mguu umevunjika?"

"Askari ni askari, mjomba. Siku mbili milimani, mpaka hospitali ya jeshi. Risasi ikamnyofoa nusu ya sikio la kushoto, hakusimama. Nikimfokea, anakwenda."

"Ukampa nini?"

"Punda?" Jairo alicheka mpaka komoni ikamwagika. "Apewe nini punda?"

Wageni wakashika mbavu. Desta alikuwa akipita na kata ya maji. Akasimama, akamtazama mumewe. Jairo akatazama ndani ya kopo.

"Na huyu je?" Ketrina alimnyooshea kidole mkwewe. "Lori la Mbeya linapita kesho asubuhi. Apande, arudi kwao. Felista wa pale juu yupo, anabeba maji kichwani kama watu. Sema, baba, wewe ndiye mume."

Desta alilisubiri neno la Jairo. Kwao hakukuwa na mtu tena. Wote walikwisha siku ile mji ulipoanguka.

Shujaa wa Gondar akainywa komoni mpaka machicha. Akajifuta mdomo.

"Mama akisema, amesema."

"Umesikia?" alisema Ketrina. "Na hicho kitambaa kiache. Kilinunuliwa kwa mshahara wa mwanangu."

Desta hakulia. Alifungua fundo chini ya kidevu, taratibu, akakikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mapajani pa mama mkwe.

Kisha akazikusanya nywele zake zote nyuma, wageni waone nusu ya sikio iliyobaki upande wa kushoto.