Maharage ya Kando ya Reli

"Hakuna mzigo wa wananchi uliooza stesheni," alijibu Naibu Waziri, akafunga faili lake. Wabunge wakagonga meza.

Makarius, mbunge kutoka Kasulu, alisimama. Jirani yake akamvuta koti.

"Ndugu yangu, umeshajibiwa. Kaa."

Hakukaa. Jumamosi iliyopita aliwakuta kina mama wa kwao stesheni, wakisubiri mabehewa ya kupakia mzigo wao tangu mvua zilipoanza. Hawakuanza na malalamiko; mgeni hulishwa kwanza. Alikula, akashiba, ndipo akauliza maharage mabichi matamu namna ile wameyanunua wapi. Mama mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mheshimiwa Spika, swali la nyongeza."

Alitoa mfukoni ganda la kijani, akalipasua kwa kidole gumba. Punje laini zikadondoka mezani.

"Nakubaliana na Serikali. Mzigo wetu haukuoza. Ulinyeshewa, magunia yakachipua, kina mama wakayapanda maharage kando ya reli. Nimeshakula mavuno yake. Sasa naomba kujua: mabehewa yatafika kabla hatujavuna mara ya pili?"