Panya Buku na Wiki Ijayo ya Profesa Kobe

Hii ya chuoni niulizeni mimi niliyeishia darasa la saba, maana waliosoma wanaogopa kuisimulia.

Panya Buku aitwaye Mashimba alitaka nafasi ya uzamivu, na ukoo wake shimoni ulishaanza kumwita Daktari. Taasisi ya Utafiti wa Mizizi ilikuwa na nafasi moja tu, na msimamizi wake alikuwa Profesa Kobe, mwenye miaka mia na arobaini. Mashimba akampelekea andiko lake.

"Shikamoo, Profesa. Umelisoma?"

"Marahaba. Wiki ijayo, mwanangu."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Mashimba akaota mvi, akafa, na andiko bado limelaliwa na gamba la Profesa. Kwa desturi ya panya, mjukuu akarithi jina la babu.

Siku moja Kobe akalisoma lile andiko, akaagiza Mashimba aitwe. Akaja mjukuu.

"Shikamoo, Profesa."

Kobe akamkodolea macho. "Marahaba! Nafasi ni yako. Wenzako wana haraka, wewe umesubiri, wala hujazeeka hata kidogo!"

"Ni chakula tu, Profesa," akajibu Mashimba, ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja.

"Basi niletee sura ya kwanza. Nitaisoma wiki ijayo."

Mashimba akashukuru, akatoka mbio. Maktaba akaipita kama haioni, akaenda moja kwa moja kutafuta mchumba.