Kanga Isiyokauka

Siku hizi kila nyumba ina magurudumu, na sheria ni moja: nyumba inaruhusiwa kusimama mradi kambani kwake kuna nguo, hata moja, ambayo bado ni mbichi. Zikikauka zote, unawasha injini.

Kwa hiyo Fundi Mligo alipotuletea mashine ya kufua na kukausha hapa Makambako, mke wangu Atupele alinionyesha viganja vilivyochubuka kwa kufua. "Baba Tusa, ifungwe leo."

"Nusu saa tu nguo zimekauka," fundi akasema. "Kamba mtafungia mbuzi."

Mimi si mtu wa kusitasita. Nikachukua bisibisi, nikatoka kufungua skrubu zilizoshika kamba. Nguo zote zilikuwa zimekauka, isipokuwa kanga ya mama yangu, iliyokuwa ikichuruzika maji.

"Mama, hii si uliifua jana?"

"Ilikuwa chafu."

"Na juzi?"

Aliangalia ng'ambo ya barabara, kwenye kaburi la baba lenye siku tisa. "Haijatakata, mwanangu."

"Tufunge, au niirudishe?" fundi aliita kutoka ndani.

Nilisimama na bisibisi yangu, nikisikiliza matone ya kanga, kila moja likichelewa kuliko lililotangulia.